Ziara ya Njia ya Misafara, Kisumu hadi Mumias: Yafaa, Lakini Inaishia Mapema

Mwalimu au mzazi anayefikiria kuwapeleka vijana kwenye ziara hii ya siku moja, inayofuata njia ya zamani ya misafara ya biashara ya pembe na watumwa, asisite. Ajue tu kwamba maelezo ya kiongozi yana uzito mkubwa yanapogusa bidhaa za misafara, na yanalegea yanapofika kwenye idadi ya watu waliouzwa na kwenye yale yaliyofuata. Ada ni shilingi 3,500 kwa mtu mzima, pamoja na usafiri na chakula cha mchana. Gari liliondoka Kisumu kwa wakati, na kuku wa kienyeji kwa ugali wa wimbi na mrenda hakuwa na kasoro.

Kilichonivutia zaidi ni meza iliyotandazwa chini ya mwembe tulipofika Mumias. Juu yake palikuwa na mfano wa bidhaa ambazo Waswahili na Waarabu wa pwani walimletea Nabongo (yaani mfalme) Shiundu wa Wanga, kisha mwanawe Mumia, aliyetawala tangu 1882 hadi alipofariki mwaka 1949: shanga, nyaya za shaba, na kipande cha merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Kila mmoja wetu alikishika na kukivuta kuona kilivyo imara. Ndipo kiongozi akatueleza kwamba kitambaa kama hicho kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kwa pamba iliyochumwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani, kikaletwa na wafanyabiashara wa bandari ya Salem hadi Zanzibar, ambako Marekani ilikuwa na konseli tangu 1837, kisha kikapandishwa bara mabegani mwa wapagazi ili kununulia pembe za ndovu na, mara nyingine, binadamu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipoikatiza pamba hiyo, vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikashika soko. Tangu shule ya msingi nimefundishwa biashara ya Atlantiki na ile ya Bahari Hindi kama sura mbili zisizojuana. Pale mezani zilikuwa biashara moja.

Mama mmoja mzee katika kundi letu aliuliza swali ambalo wengi tulikuwa tukilizunguka: "Mwanangu, hao waliouzwa walikuwa watoto wa nani?" Kiongozi hakulikwepa. "Mama, wengi walikuwa mateka waliochukuliwa kutoka kwa jirani zetu," akasema, akaeleza jinsi ufalme wa Wanga ulivyonufaika na bunduki za wageni katika ugomvi wake na majirani. Kulisema hilo Mumias kwenyewe, mbele ya wenyeji, kunahitaji moyo, na nampongeza.

Hata hivyo, alitia chumvi aliposema kwamba Mumias ilikuwa miongoni mwa masoko makuu ya watumwa ya Afrika Mashariki. Watumwa wengi waliofikishwa Zanzibar katika miaka ya 1860 walipitia Kilwa, wakitoka pande za Ziwa Nyasa. Kwa Mumia, pembe ndizo zilizokuwa na uzito zaidi. Vilevile ile picha ya watumwa waliofungwa minyororo huku wamebeba pembe hadi pwani inasisimua, lakini wapagazi wengi wa misafara ya Afrika Mashariki walikuwa watu huru waliolipwa ujira. Ukatili uliokuwepo unatosha, hauhitaji kuongezewa.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hadithi inafungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipolifunga soko la watumwa la Zanzibar kwa shinikizo la Waingereza. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alifika kwa Mumia miaka kumi baadaye, na misafara ya pwani ilikuwa bado inaifuata njia hiyo. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Zanzibar hadi 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907.

Tena, gari lilitoka Kisumu bila kutajwa Kibos, ilhali Kibos ni jirani kabisa na mji. Wanubi wa huko ni kizazi cha askari wa Sudan waliotumikia Waingereza, na wengi wa mababu zao walikamatwa katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, wakatiwa kwa nguvu katika jeshi la Misri. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwachukua mabaki ya kikosi cha Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, na askari wa Sudan wakawamo katika jeshi lililowapiga Wabukusu kwenye ngome ya Chetambe mwaka 1895. Wajukuu wao walizaliwa Kenya, lakini wengi walisumbuliwa miaka na miaka kupata kitambulisho, hata mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ikaamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi. Anayetafuta athari za utumwa zinazogusa maisha ya watu wa leo asingehitaji kwenda mbali.

Niliwapa waandaaji maoni haya kabla hatujashuka garini, na walisema wazee wa Kibos wataombwa kwanza kabla ya kituo hicho kuongezwa, jambo ambalo ni la heshima. Kwa sasa, ukienda na wanafunzi, omba meza iwe ya kwanza, kabla ya chakula, maana baada ya ule ugali usingizi hauna simile.