Fundi wa kuyeyusha brasi hapa Kibuye, nampa nyota 4

Kama uko Kisumu na unatafta mtu wa kukumwagia bushi ya brasi, ile pete shafti inazungukia ndani yake, kuna mzee upande wa jua kali Kibuye, jina sitaji juu hajaniruhusu, lakini ulizia tu wenye kuyeyusha utaonyeshwa. Nilimpelekea bushi ya pampu ya maji iliyoisha pamoja na mifereji mizee ya brasi.

Venye anacheza na moto ndio ilifanya nimkubali. Brasi ni shaba na zinki, na zinki ikiwa peke yake inachemka kwa digrii 907 hali shaba haiyeyuki mpaka 1085, sasa fundi mwenye pupa akisukuma blowa, ile feni ya kupuliza moto, tu bila kuangalia, zinki inatoka na moto wa kijani na moshi mweupe, inaganda kwa mabati ya paa kama pamba, na wewe unabaki na bushi nyekundunyekundu imejaa vitundu. Nilishapewa hiyo kwingine na nikalipa pia. Huyu mzee anaweka makaa yaliyosagwa na chupa zilizopondwa juu ya chungu, glasi ikiyeyuka inatanda inazuia mvuke, halafu anasoma rangi, moshi ukianza tu blowa inazimwa anamwaga. Zinki ya kurudishia ile imepotea anaitia mwisho kabisa kabla ya kumwaga, na anaizamisha na koleo isielee ikaungua bure.

Bushi imetoka safi, imechongeka bila kumeguka.

Nyota moja nimemnyima kwa sababu ya vijana wake. Wamejifunga tu leso mdomoni na banda halina hewa, na huo moshi ukiuvuta mchana, jioni unatetemeka na homa, na hapa kwetu homa ni malaria moja kwa moja, unameza dawa za bure na kesho yake inaisha yenyewe. Eti wanakunywa maziwa. Maziwa yanaenda tumboni jameni, moshi unaenda kwa mapafu!

Pia usimpelekee mabati ukidhani atachanganya na chuma, atakufukuza. Chuma cha kumwaga kinapita digrii 1200, zinki iliyopakwa kwa mabati itakuwa imeshakuwa mvuke kitambo, hata viwanda vikubwa vya tanuri za umeme inabidi vinase vumbi la hiyo zinki kwa vichujio.

Mpesa anachukua. Kuchonga unalipia kando, hana leth, ile mashine ya kuchonga.