Lenzi ya kupigia picha ndege wadogo wa uani majani yanapopukutika: ipi ununue kwanza

Ndege wa gramu tano au sita, kama Regulus regulus, hatulii. Anadokoa mdudu chini ya jani, anageuka, anaruka, na ukibonyeza kitufe unabaki na picha ya tawi linalotikisika. Majira ya majani kupukutika yanakupa kitu kimoja na kukunyang'anya kingine: matawi yanaanza kuwa wazi, lakini jua liko chini, siku ni fupi na mawingu ni mengi. Kwa hiyo hatukuzipanga lenzi hizi kwa ukali wa picha peke yake, maana karibu zote za siku hizi ni kali vya kutosha. Tumeangalia mambo matatu: ndege anajaa kiasi gani kwenye fremu, lenzi inaingiza mwanga kiasi gani, na inakubali kufokasi kwa karibu kiasi gani. Hilo la tatu ndilo wanunuzi wengi hulisahau, kisha wakafika nyumbani wakajikuta wanarudi nyuma hadi ukutani ili lenzi ikubali kufokasi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoamua. Ndege mwenye urefu wa sentimita 9 akiwa mita 4 mbele yako, lenzi ya milimita 600 humchora kwenye sensa (kipande cha kamera kinachopokea picha) kwa urefu wa takriban milimita 16. Kwenye sensa ya fremu kamili, yenye upana wa milimita 36, hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 40. Akisogea hadi mita 8 anabaki milimita 7 tu, moja ya tano ya upana. Kwa lenzi ya milimita 300 katika umbali huohuo anashuka hadi moja ya kumi, na ukikata picha manyoya yanakuwa uji. Zumu nyingi pia hupoteza sehemu ya urefu wake zinapofokasi karibu, kwa hiyo usishangae ndege akitoka mdogo kuliko hesabu inavyosema.

Upande wa mwanga: ukitaka ndege anayerukaruka atoke bila ukungu, anza na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya sekunde 1/1600. Siku ya mawingu, mahali pa wazi, f/6.3 (uwazi wa lenzi; namba ikiwa kubwa, mwanga ni kidogo) itahitaji ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ya takriban 1600. Chini ya mti wenye majani bado, karibu 6400. Lenzi ya f/9 inazidisha namba hizo mara mbili. Ya f/11 inazifikisha karibu 5000 na 20000. Kituliza mtikisiko hakibadilishi chochote hapa, kwa kuwa kinatuliza mkono wako, hakimtulizi ndege.

1. Zumu ya 180-600 au 200-600, f/6.3

Kwa mwenye kamera ya fremu kamili ya Nikon Z au Sony E, huu ndio ununuzi wa kwanza na kwa wengi ndio wa mwisho. Nikon Z 180-600mm f/5.6-6.3 na Sony FE 200-600mm f/5.6-6.3 zote zina uzito wa takriban kilo 2.1 zikiwa na pete ya tripodi, na zote huzumu kwa ndani: lenzi hairefuki, uzito hauhami, na mkono hauchoki kusawazisha upya kila mara. Pete ya zumu ya Nikon inatoka 180 hadi 600 kwa nyuzi 70 tu, chini ya robo ya mzunguko. Kwa ndege wadogo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Unamtafuta kwenye 200, ambako fremu ni pana. Ukimpata, unasokota kidole gumba na kidole cha shahada mara moja, na yuko kwenye 600 kabla hajahama tawi. Lenzi inayodai kusokotwa mara mbili inakupotezea nafasi hiyo.

Zote mbili hufokasi hadi mita 2.4 zikiwa kwenye 600, na Nikon hufika mita 1.3 kwenye 180. Tofauti iko kwenye swichi ya mipaka ya fokasi. Ya Sony ina nafasi tatu, na mojawapo inafunga kati ya mita 2.4 na 10. Hiyo imekaa kama ilitengenezwa kwa ajili ya uani: lenzi haikimbilii ukuta wa jirani kila ndege anapoponyoka. Ya Nikon ina mbili tu, yote au kuanzia mita 6 kwenda mbele, kwa hiyo uani utaiacha kwenye yote na utazoea kuielekeza upya kwa kufokasi kwanza kwenye shina lililo umbali sawa na ndege. Kasoro yao ya pamoja ni uzito. Kilo mbili pamoja na kamera si mzigo wa kushika nusu saa ukiwa umeinua mikono.

2. Zumu nyepesi ya Canon: 100-400 au 100-500

Watumiaji wa Canon RF hawana 600 ya f/6.3 ya aina hiyo. Kwa pesa ndogo, RF 100-400mm f/5.6-8 ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Ina gramu 635, hufokasi hadi sentimita 88 ikiwa kwenye 200, na ikifungwa kwenye kamera ya APS-C (yenye sensa ndogo kuliko fremu kamili) kama R7 au R10 inaona kama 640. Unaweza kuishika asubuhi nzima, na mkono usiochoka hupiga picha nyingi zaidi. Unachopoteza ni mwanga, kwa kuwa kwenye 400 ni f/8, na kinga ya mvua, kwa sababu haikuzibwa dhidi ya maji. Kofia ya lenzi haimo kwenye boksi. Inunue siku hiyohiyo: jua la chini la msimu huu hupiga kioo cha mbele moja kwa moja na kuifanya picha iwe ya maziwa.

RF 100-500mm f/4.5-7.1L ni bora kwa mambo mengi, ingawa ni ghali na nzito zaidi (kilo 1.37 bila pete). Imezibwa, fokasi yake ni ya haraka, na hufika sentimita 90 ikiwa kwenye 100. Jambo moja la kujua kabla hujalipa: ukiifunga telekonvata (kipande cha kurefusha lenzi) ya Canon, zumu haiwezi kurudi chini ya 300. Kwa ndege wadogo unaowatafuta kwanza kwa fremu pana, hilo linaondoa nusu ya faida ya kuwa na zumu.

3. Micro Four Thirds: 100-400

Olympus M.Zuiko 100-400mm f/5-6.3, ya kamera zenye sensa ndogo ya Micro Four Thirds, ina kilo 1.12 bila pete, inaona kama 200-800 ya fremu kamili, na hufokasi hadi mita 1.3. Katika ua mwembamba, urefu huo pamoja na fokasi ya karibu namna hiyo ni vigumu kuushinda. Sensa ndogo hutoa chengachenga nyingi zaidi ISO inapopanda. Hesabu tofauti ya karibu hatua mbili za mwanga (kila hatua ni mara mbili) ukilinganisha na fremu kamili. Kinachofidia ni Pro Capture: kamera inahifadhi picha za kabla hujabonyeza kitufe hadi mwisho. Ndege akiruka, wewe unabonyeza ukiwa umechelewa, lakini sekunde ile ya kuruka imo. Kwa anayetaka mabawa yaliyofunguka, uwezo huu una thamani kuliko milimita mia za ziada.

4. Lenzi za DSLR zilizotumika

Kama una DSLR (kamera ya mtindo wa zamani yenye kioo cha kuakisi ndani) tayari, au adapta ya kufunga lenzi zake kwenye kamera mpya (EF kwenda RF ya Canon, au FTZ ya Nikon), soko la mitumba lina mali nzuri. Nikon AF-S 200-500mm f/5.6 ina mwanga mzuri hadi mwisho, hufokasi mita 2.2, na ina uzito wa kilo 2.3. Tamron 150-600 G2 hufika mita 2.2 pia. Sigma 150-600 Contemporary ni nyepesi kidogo, kilo 1.93, ila inaanzia mita 2.8. Canon EF 400mm f/5.6L ya mwaka 1993 bado ni kali na nyepesi, lakini haina kituliza mtikisiko na inadai mita 3.5. Kwa uani tunaiweka mwisho kati ya hizi. Sigma na Tamron zikipita kwenye adapta zinaweza kuhitaji kusasishwa programu yake ya ndani, kwa hiyo muulize muuzaji kabla.

Lenzi ya mtumba ijaribu hivi kabla hujatoa pesa. Ifunge kwenye kamera yako, si ya muuzaji. Weka urefu wake wa mwisho, uwazi wote, shata 1/1600, kisha piga maandishi madogo ya boksi lililo mita 3 hadi 4 mbele yako, mara kumi, ukiifokasisha upya kila mara. Tatu au nne zikiwa na ukungu, fokasi ina tatizo au kituliza kimechoka. Zima kituliza urudie, ujue ni kipi. Halafu angalia pembe zote nne za picha: upande mmoja ukiwa laini na mwingine mkali, kioo kimehama ndani, pengine ilianguka. Mwisho, iangalie kwa tochi upande wa nyuma. Vumbi chembe mbili tatu si kitu. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Hiyo iache hapohapo.

5. Lenzi zisizozumu

Nikon Z 400mm f/4.5 (kilo 1.245 na pete, fokasi mita 2.5) ni lenzi tamu. Ina hatua moja ya mwanga juu ya f/6.3, na ukiiongezea telekonvata ya 1.4 inakuwa 560 f/6.3. Nikon Z 600mm f/6.3 ni nyepesi ajabu kwa urefu wake, kilo 1.47, lakini haifokasi chini ya mita 4, na ndege wa uani mara nyingi anakuja karibu zaidi ya hapo. Tumeziweka chini si kwa ubovu. Fremu nyembamba isiyopanuka hufanya kumtafuta ndege wa sentimita 9 ndani ya majani kuwe kazi ya kuchosha kwa yeyote asiyezoea.

6. Zenye f/9 na f/11

Canon RF 200-800mm f/6.3-9 inavutia, na kwenye jua kali inafanya kazi vizuri. Tatizo ni kwamba mwanga wa msimu huu hauna ukarimu huo, na kwenye 800 inaanzia mita 3.3. RF 600mm f/11 na 800mm f/11 tunashauri usizinunue kwa kazi hii. Zinaanzia mita 4.5 na mita 6, na kamera nyingi za Canon zinapunguza eneo la fokasi lenzi hizi zinapofungwa. Ndege akitua pembeni mwa fremu, fokasi haimfikii.

7. Kamera ya lenzi isiyong'oka

Sony RX10 IV ina sensa ya inchi moja, inaona 24-600 kwa f/2.4-4, hupiga picha 24 kwa sekunde, na uzito wote ni takriban kilo 1.1. Kwa asiyetaka kubeba mfuko wa lenzi inatosha kabisa mchana. Chini ya miti ISO ikivuka 1600 manyoya laini huanza kupotea.

Viko vitu vya kuacha kabisa. Lenzi ya kioo cha kuakisi (mirror lens) ya 500mm f/8 haina fokasi ya kujiendesha katika matoleo mengi, na kila tone la mwanga nyuma ya ndege linageuka pete kama andazi lenye tundu. Telekonvata ya 2 juu ya lenzi ya f/6.3 inakupa f/13, na fokasi inaanza kupapasa. Filta ya bei poa mbele ya lenzi ndefu hulainisha picha yote. Toa filta kwanza kabla hujalaumu lenzi.

Kuhusu kamera yenyewe, kama bado hujachagua: tafuta inayotambua jicho la ndege, kwa sababu fokasi ya kawaida hushika jani lililo karibu zaidi. Kwenye 600, f/6.3, mita 5, kina cha ukali (unene wa eneo linalotoka kali) ni takriban sentimita 2.3 tu. Jani lililo mbele ya ndege kwa upana wa vidole viwili likishikwa, jicho limekwenda. Msitu wa majani ya njano yanayoanguka huchanganya hata utambuzi mzuri, hivyo punguza eneo la fokasi liwe dogo, mwache ndege aingie ndani yake, ndipo ubonyeze. Canon R7 hupiga hadi picha 30 kwa sekunde kwa shata ya elektroniki, lakini sensa yake inasomwa polepole na mabawa yanayopigwa hutoka yamepinda. Tumia shata ya kawaida ndege akiwa anaruka.

Pesa ikibaki, mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele au maharagwe, uwekwe juu ya ukuta au ukingo wa dirisha lililofunguliwa, unabeba kilo mbili za lenzi vizuri kuliko tripodi nyepesi na unakuacha ugeuke haraka. Usipige kupitia kioo cha dirisha, na asubuhi ya baridi usipige kutoka chumba chenye joto hata dirisha likiwa wazi: hewa ya joto inayotoka hupinda mwanga mbele ya lenzi, na picha zote hutoka laini kana kwamba fokasi imeharibika. Zima joto, fungua dirisha, subiri dakika kama ishirini hewa ya ndani na ya nje zilingane.