Sindano za jicho, kutoka kila mwezi hadi wiki 10: uzoefu wangu

Nafundisha watoto madrasa hapa Ngamiani, Tanga. Kilichonipeleka kwa daktari ni vitone vya herufi za Kiarabu: ta ina viwili, tha ina vitatu. Mtoto anasoma tha, mimi naona ta, namkatiza, naye anang'ang'ania. Kumbe yeye ndiye yuko sawa. Siku moja nikaziba jicho la kushoto, nikatazama dirishani: nondo zimepinda katikati. Kisukari ninacho mwaka wa 14 sasa.

Dar es Salaam daktari bingwa alipiga picha ya nyuma ya jicho akanionyesha. Pazia la jicho, pale katikati panaposomea herufi, limevimba kwa maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa iliyoharibiwa na sukari. Nikaandikiwa Avastin. Dawa hii ilipitishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, halafu madaktari wa macho wakaanza kuitumia kuzuia mishipa isivuje. Kichupa kimoja hugawanywa zikapatikana sindano nyingi ndogo, ndiyo maana bei yake ni nafuu kuliko zile zilizotengenezwa mahususi kwa jicho.

Sindano yenyewe nisiwatishe. Matone ya ganzi, kisha iodini (hiyo ndiyo inayowasha hasa), kichuma cha kushikilia kope, unaambiwa tazama juu, imekwisha. Dawa inayoingia ni mililita 0.05, yaani kama tone moja. Siku ile unaona vipovu vyeusi vinaelea. Safari moja weupe wa jicho uliingia damu, wajukuu wakanikimbia, ikaisha yenyewe. Ila nilionywa: maumivu yakizidi, jicho likizidi kuwa jekundu au uoni ukishuka siku zinazofuata, usingoje miadi, rudi mbio.

Lalamiko langu ni moja, na ni kubwa. Hakuna aliyeniambia mwanzoni kwamba sindano si moja. Nilishukuru, nikaaga, nikapewa kadi ya mwezi ujao. Tano za kwanza zilikwenda kila mwezi, yaani kila wiki 4. Kila safari ni kupanda basi Kange alfajiri, Segera, Chalinze, foleni, kulala kwa mdogo wangu maana mboni zikishapanuliwa jua halitazamiki, kesho yake kurudi. Kwa mwaka hizo ni safari 13. Nilikaribia kuacha.

Hapo ndipo daktari aliponieleza mpango wa kurefusha. Picha ikionyesha pamekauka, anaongeza wiki mbili: wiki 6, kisha 8, kisha 10. Maji yakirudi, anapunguza. Sindano unachomwa kila ukienda, hata kama pamekauka, kwa sababu lengo ni kuyawahi maji kabla hayajarudi. Hili lilinichukua muda kulielewa. Nilikuwa nauliza, kama nimepona mnanichoma ya nini?

Tulipojaribu wiki 12, maji yakarudi. Mimi mwenyewe sikuhisi kitu, nilikuwa nasoma vizuri tu. Picha ndiyo iliyosema. Tukarudi wiki 10, na hapo ndipo jicho langu limetulia. Jirani yangu ambaye tatizo lake ni la uzee, si la sukari, amefika 12. Kila jicho na kipimo chake, kwa hiyo wiki za mwenzio usizifanye zako. Na usijirefushie mwenyewe kwa sababu ya harusi au nauli.

Niliulizia dawa mpya. Iko Vabysmo, iliyopitishwa Marekani mwaka 2022, na Eylea ya miligramu 8 iliyofuata mwaka 2023; kwa baadhi ya wagonjwa zinafika wiki 16. Bei nilipoisikia nilicheka, nikasema nitabaki na yangu ya wiki 10.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ile kadi ya mwezi ujao niliyopewa bila maelezo. Safari 13 zimekuwa 5, ta na tha nazitofautisha, ingawa herufi ndogo za msahafu wa mfukoni bado zinanishinda. Sukari nimeibana pia, wali wa usiku nimeuacha (wa mchana mniache nao). Na kila asubuhi, kabla ya chai, naziba jicho moja, kisha la pili, nahesabu nondo za dirisha. Leo zote zimenyooka.