Uzoefu wangu: kupanda Bisoke na grupu ya Goma mpaka ku ziwa la kule juu

Kila nikiweka ile picha ya ziwa ku WhatsApp watu wananiuliza hapo ni wapi, ni Ulaya ao, juu wanaona ukungu na makoti na kofia za baridi. Hapana, ni hapa hapa kwetu. Ni Bisoke, wazee wengine wanaitaka Visoke, mlima wa mita 3,711, na mpaka wa Congo na Rwanda unapita kule kule juu. Nilienda mwezi wa saba 2017 na niliahidi watu wengi nitaandika vizuri vile ilikuwa, njo hii sasa.

Tulikuwa watu 14, wengi wa kwaya yetu na mashemeji wawili, tukalipa ajansi moja ya hapa mjini, jina nitaliacha, wao njo walipanga kila kitu, gari, kulala Musanze kule Rwanda, ruhusa ya parki. Ile sehemu ya makaratasi walifanya vizuri, sitasema uongo. Mpaka tulivuka asubuhi bila shida, kila mtu na karatasi yake, na kutoka Gisenyi barabara iko nzuri, unapanda unazunguka mpaka Musanze.

Lakini kitu kimoja kiliniumiza na bado kinaniuma. Tulipowauliza tuvae nini walisema ni matembezi tu, vaeni basketi (viatu vya michezo) na pulovere, inatosha. Sasa mtu wa Goma anafikiri anajua baridi, si tuko mita kama 1,500, usiku unajifunika blanketi mbili. Kumbe kila ukipanda mita 1,000 baridi inaongezeka kama digrii 6, hesabu mwenyewe, kutoka kwetu mpaka kule juu ni zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo kama Goma iko digrii 23 kule unakuta 10, weka na upepo, weka na nguo zenye jasho ambazo zimeloa ukungu. Mwezi wa saba ni kiangazi, ndiyo, lakini kule juu kiangazi hakimaanishi hakuna matope! Mama mmoja wa kwaya alikuja na viatu vya kitambaa, vyeupe. Nilimhurumia sana.

Saa moja asubuhi unapaswa kuwa Kinigi, ku ofisi ya parki, njo maana watu wanalala Musanze. Pale wanagawa watu ku makundi, wanawapa kiongozi wa parki, halafu gari inawapeleka mpaka ku mashamba. Unatembea kwanza katikati ya birayi (viazi) na pareto, watoto wanawasalimia, halafu unafika ku ule ukuta wa mawe ambao unazuia mbogo wasiingie mu mashamba, ukivuka ukuta uko mu parki. Wanawaongezea na walinzi wenye bunduki juu ya hao mbogo. Na pale ku ukuta njo unakuta vijana wa kijiji, wabebaji, wamesimama na fimbo.

Hapa nisikilizeni vizuri. Wale wa ajansi walituambia mubebaji si lazima, ni kupoteza franka. Mimi nilichukua wangu, dola 10, na nasema zile dola 10 njo nilitumia vizuri kuliko zingine zote za ile safari. Ule kijana alibeba mufuko wangu, lakini si mufuko tu, alikuwa ananishika mkono kila nikiteleza, anajua ni muzizi gani unashika na ni upi utavunjika, anaona majani yanayowasha kabla mimi niyaguse. Kila mara ananiambia, "Buhoro buhoro, mama." Pole pole. Kufika katikati, wenzangu sita ambao walikataa wabebaji walikuwa wanamuomba yeye awasaidie na wao, na akasaidia, bila kuuliza kitu.

Matope yanafika ku magoti, sitii chumvi. Unapanda miti mikubwa ya zamani imefunikwa na ndevu za kijani, halafu miti inapunguka, yanaanza yale majani makubwa ya ajabu, lobelia ndefu kuliko mtu. Kuna mahali njia inagawanyika, moja inaenda Karisoke kwenye kaburi ya Dian Fossey, yule mama aliyechunguzaga gorila. Kiongozi alitueleza kitu ambacho sikujua: alianzaga kazi yake kwetu, Kabara, karibu ya mlima Mikeno, mwaka 1967 vita ikamutoa, njo akaenda kuanza upya upande ule, katikati ya milima Karisimbi na Visoke, akaunganisha majina mawili ikawa Karisoke. Nilinyamaza kidogo pale. Mtu anazaliwa Goma, anakulia Goma, halafu hayo anayaambiwa ku njia ya inchi ya jirani.

Kwenye mita 3,000 na zaidi dada mmoja wetu akaanza kuumwa kichwa, akatapika. Mtu wa ajansi ambaye alikuwa na sisi akamwambia jikaze, tumebakisha kidogo. Hapana! Kiongozi wa parki ndiye alisimamisha grupu, akamtazama macho, akamuuliza jina lake na siku ya leo, akasema huyu anashuka sasa hivi, na mlinzi mmoja akashuka naye pamoja na shemeji yake. Akifika chini alikuwa amepona. Dawa ya ule ugonjwa wa milima mirefu ni kushuka, si kujikaza, na mtu anayepokea pesa ya watu awapeleke ku milima anapaswa kujua hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Ilituchukua zaidi ya saa tatu. Kufika juu hatukuona kitu, ukungu mweupe tu, upepo, mikono imekufa ganzi. Tuliketi tumebanana kama kuku, tukagawana mayai, mandazi na chai ya termosi ambayo mama mmoja alibeba mwenyewe (ajansi ilitupa mukate mukavu na chupa moja ndogo ya maji kila mtu). Mzee wetu wa kwaya akaanza wimbo, sauti ya chini, tukaingia. Na ule ukungu ukapasuka. Sijui niseme namna gani. Ziwa lote likaonekana chini yetu, mviringo, maji ya rangi ya kijani ya kukolea, kimya kabisa, hakuna ndege, hakuna mtumbwi, shimo ambalo moto ulitokeaga sasa limejaa maji. Halafu upande wa pili mawingu yakashuka na Mikeno ikatoka, ile ncha yake, kubwa, na nilikuwa ninaitazama kutoka nyuma. Tangu utoto naionaga kutoka barazani kwetu asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Niliilia, kweli niliilia, na sikuwa peke yangu.

Dakika kama 15, ikafunga tena.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, magoti yanalia, kila mtu alianguka. Ile usiku Goma sikuweza kupanda ngazi.

Kwa hiyo kama unaniuliza: mlima, nenda, hata kesho kama njia iko wazi. Vaa bote za mpira ao viatu vigumu, shoseti ndefu, suruali unaingiza ndani ya shoseti, koti ya mvua, glovu, nguo kavu ndani ya sashe, maji lita mbili. Bei uliza ku parki wenyewe juu zinabadilika. Ile ajansi siwezi kurudi nayo. Ule kijana wa mubebaji namba yake ninayo mpaka leo, na nikirudi nitamuita yeye kwanza.