Ufilipino 1898: kuinunua au kuiacha ijitawale?

Hebu tuziweke hizi njia mbili ubavu kwa ubavu. Marekani imeshaipiga Hispania, sasa Ufilipino iwe ya nani?

Njia ya rais McKinley: chukua visiwa, mlipe Mhispania dola milioni 20, tawala. Mkataba ukasainiwa Paris mwezi Desemba na Wafilipino wenyewe hawakuwepo mezani, wakati Aguinaldo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Ufilipino, alishatangaza uhuru kule mjini kwake Kawit tangu 12 Juni, bendera imepandishwa dirishani kwake na watu wamejaa nje wanaiangalia. Hapo ndo panaponiuma, nchi yako inauzwa na wewe umo ndani. Februari 1899 vita vikaanza kati ya Wamarekani na Wafilipino, na siku mbili baadaye Seneti ya Marekani ikaupitisha mkataba kwa kura 57 dhidi ya 27.

Njia ya Andrew Carnegie, yule tajiri wa viwanda vya chuma Pittsburgh: waacheni wajitawale. Na hakuishia kwenye maneno, alijitolea kulipa hizo milioni 20 toka mfukoni mwake ili Wafilipino waambiwe wako huru, akaingia pia kwenye ligi ya kupinga ubeberu iliyoanzia Boston. Kwake jamhuri iliyomkataa mfalme wa ng'ambo haina haki ya kwenda kutawala watu wa ng'ambo bila ridhaa yao. Sawa, mgomo wa kiwandani kwake Homestead 1892 ulimwaga damu na hilo silifichi, ila kwa Ufilipino mi niko upande wake kabisa.

Uhuru wenyewe ulitambuliwa 1946, miaka 48 baada ya bendera ya Kawit.