Faiba ya ploti yetu: nyota tatu, na mbili nimezinyima makusudi

Mwaka jana ningewapa hawa wanaotuletea intaneti ya waya (faiba) nyota moja, tena kwa shingo upande. Leo nawapa tatu.

Nilihamia Embakasi Januari 2024, ghorofa ya nne. Kazi yangu ni kunukuu sauti: nashusha faili za wateja wa Ulaya, nasikiliza, naandika, napandisha. Intaneti ndiyo jembe langu. Msimamizi wa ploti alinionyesha sanduku la chuma chini ya ngazi, limepigwa kufuli, na waya mmoja mweusi ukipanda ukutani. "Hapa ni hawa tu," akasema. Mwenye ploti alishaelewana nao. Shilingi 2,000 kwa mwezi, kasi ya Mbps 10, ruta ya bure. Nikalipa.

Wiki ya kwanza raha tupu. Ya pili nikaanza kuona mambo. Ikigonga saa mbili usiku, watu wakisharudi kazini, faili ya MB 90 ambayo ingeshuka kwa dakika moja na kidogo inachukua dakika 15. Nikipima kwa Speedtest, programu ya kupima kasi, naona Mbps 9.8. YouTube haikwami hata kidogo. Kazi tu ndiyo haishuki. Nawapigia simu: "Zima ruta, ngoja dakika mbili, iwashe." Nimeizima ruta ile hadi swichi ikalegea.

Nikashikwa na wazo kwamba wananibania, kwamba kuna mtu ameketi mahali anaamua tovuti gani ipite na ipi isubiri. Siku fundi alipokuja nilimuuliza waziwazi. Kijana wa watu akaketi kwenye stuli yangu ya jikoni akanieleza bila kuficha. Video za YouTube na Netflix zina mashine za kuzihifadhi humu humu Nairobi, hazivuki bahari. Speedtest nayo huchagua seva ya karibu. Faili zangu ziko Frankfurt, Ujerumani, na njia ya kwenda huko kampuni inaikodi, na iliyokodi ni nyembamba. "Wengi hapa wanaangalia video tu," akasema. "Hawalalamiki." Basi, hakuna aliyenilenga. Ila mimi ninayengoja dakika 15 sioni tofauti kubwa kati ya kubaniwa na kusahauliwa.

Na hata hiyo njia ya humu humu ilipiganiwa. Mwaka 2000 kampuni za intaneti nchini zilianzisha KIXP, kituo cha kuunganisha mitandao yao humu nchini, ili ujumbe wa Mkenya kwa Mkenya mwenzake usizungushwe ng'ambo kwa setilaiti. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kwenda ng'ambo wakati huo, ikalalamika, na kituo kikafungwa baada ya wiki mbili hivi. Kilikuja kufunguliwa tena 2002. Kila nikimwona msimamizi wetu na fungu lake la funguo nakumbuka kisa hicho.

Nilimwomba aruhusu kampuni nyingine, gharama juu yangu. Akakataa. Faiba ikikatika nilikuwa nanunua bando la WhatsApp kwenye simu. Mteja anatuma kiungo cha kazi, nakibonyeza, ukurasa mweupe. Gumzo linapita, kingine chochote hakipiti. India ilipiga marufuku bei za namna hiyo, za kubagua tovuti na tovuti, mwaka 2016. Sitajifanya mtakatifu: bando lile lilinisaidia kumwambia mteja kwamba nimechelewa.

Agosti 2024 Starlink, wale wa intaneti ya setilaiti, waliokuwa wameingia Kenya mwaka mmoja kabla, wakaanza kukodisha kifaa kwa shilingi 1,950 kwa mwezi. Jirani wa ghorofa ya juu akapandisha sahani paani, bila sanduku, bila kufuli. Mwezi uliofuata Safaricom wakaongeza kasi ya faiba kwa bei ile ile: kifurushi cha 2,999 kutoka Mbps 10 hadi 15, cha 12,499 kutoka 100 hadi 500. Mimi nikaanza kuchanga pesa za sahani, na kufika Novemba Nairobi ikawa imejaa, Starlink wakawa hawapokei wateja wapya.

Kwetu hakikubadilika kitu hadi Machi 2025. Wapangaji wawili walikuwa wamehama, nadhani hilo ndilo lililomuuma mwenye ploti, akaruhusu waya wa kampuni ya pili. Waya ulifika Jumanne. Ijumaa simu yangu ikalia, ujumbe wa kampuni yangu ya zamani: mteja wetu mpendwa, tumekuongezea kasi hadi Mbps 20 bila malipo ya ziada. Hakuna fundi aliyepanda ngazi. Ruta ile ile, waya ule ule. Saa mbili usiku nikashusha faili ya MB 90 kutoka Frankfurt: sekunde 50. Nikarudia mara tatu kwa kutoamini, halafu nikakasirika. Uwezo walikuwa nao muda wote!

Nimebaki nao, kwa kuwa sasa kazi inakwenda na yule fundi ni muungwana. Nyota mbili ni za ile miezi 14.

Ukienda kuangalia nyumba, kabla ya kuulizia maji na tokeni za umeme, omba ufunguliwe lile sanduku la chini uhesabu nyaya. Na ukitaka kupima kasi, pima saa mbili usiku, uchague mwenyewe seva ya mbali. Ile ya karibu itakusifia tu.