Afisa melini au mkataba wa wengi?

Boti ya mwendokasi iliyobeba kokeini ikikimbilia maji ya kisiwa cha Karibi, meli ya doria ya Marekani haiwezi kuifuata hivi hivi. Kwa makubaliano ya nchi mbili, kama ya Trinidad na Tobago ya 1996, afisa wa kisiwa huwa tayari ndani ya meli hiyo na hutoa ruhusa papo hapo. Ubaya wake, kisiwa hujadiliana peke yake na taifa kubwa. Jamaica na Barbados ziligoma kutia saini mpaka 1997, zikapata masharti yenye usawa zaidi.

Mkataba wa San José (Costa Rica) wa 2003, wa kuzuia dawa za kulevya baharini na angani, huzikutanisha nchi nyingi, Ufaransa na Uholanzi zikiwemo. Mzuri, ila ulianza kutumika 2008! Boti inapotoroka usiku, mimi ningemtaka yule afisa.